Grisi na Beringi za Magurudumu ya Tela: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu matela ya kawaida yanayovutwa na gari dogo au pikapu: la mashua, la mifugo, la mizigo. Matela makubwa ya malori yana mambo yake, na hapa yameguswa kwa kupita tu.

Ndani ya habu kuna nini?

Habu ni kitovu cha gurudumu, kinachozunguka kwenye ncha ya ekseli. Ndani yake kuna beringi mbili, kubwa upande wa ndani (kwenye ekseli) na ndogo upande wa nje, ingawa ekseli nyepesi huwa na mbili zinazolingana. Kila beringi ina sehemu mbili zinazoachana: koni, yaani pete ya ndani pamoja na rola zake, na kikombe, yaani pete ya nje iliyogongewa ndani ya habu. Nyuma ya beringi kubwa kuna sili ya mpira inayozuia grisi kutoka na maji kuingia. Mbele kuna wosha, nati yenye mikato, spliti pini, halafu kofia ya bati inayofunika vyote. Ncha ya ekseli inayobeba vitu hivi tutaiita stabu.

Rola zimelala mshazari kwa sababu gurudumu halibebi uzito wa kutoka juu peke yake. Tela likikata kona, gurudumu husukumwa ubavuni, na rola zilizosimama wima zingeshindwa. Aliyepata hataza ya beringi ya aina hii Marekani mwaka 1898, Henry Timken, alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Kwa hiyo kwenye tela beringi hii iko nyumbani kwao.

Mbona beringi za tela hufa mapema kuliko za gari linalolivuta?

Kwanza, tairi za tela mara nyingi ni ndogo. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 65 ikienda kilomita 80 kwa saa huzunguka kama mara 650 kwa dakika. Ya sentimita 40, kwa mwendo uleule, huzunguka zaidi ya mara 1,000. Pili, tela hukaa miezi bila kusogezwa, unyevu unajikusanya ndani ya habu, na rola zinakaa zimegusa chuma mahali palepale. Siku likitolewa, linapakiwa mpaka springi zinalala.

Tatu, na hili naona ndilo kubwa kuliko yote: hakuna anayeketi ndani ya tela. Beringi ya gari ikianza kuunguruma, dereva anasikia. Ya tela huunguruma mita kadhaa nyuma yake, redio inaimba, na habari ya kwanza anayoipata ni moshi kwenye kioo cha pembeni.

Nifungue na kubadilisha grisi kila baada ya muda gani?

Watengenezaji wengi wa ekseli husema kila miezi 12 au kilomita 19,000 hivi, lolote litakalotangulia. Wenye matela wengi hukosea hapo kwenye "lolote litakalotangulia". Tela lililotembea kilomita 500 tu mwaka mzima bado linadai kufunguliwa, maana kutu haihesabu kilomita. La mashua, au lililopita kwenye mafuriko hadi habu zikazama, halingoji mwaka.

Grisi ipi inafaa?

Tafuta grisi iliyoandikwa kuwa ni ya beringi za magurudumu, ugumu wa namba 2 kwa kipimo cha NLGI, yenye msingi wa lithiamu changamano. Aina hiyo hustahimili joto: mara nyingi haianzi kudondoka hadi ipite nyuzi 230 za Selsiasi. Kopo likiwa na alama ya GC-LB, GC maana yake imethibitishwa kwa beringi za magurudumu na LB kwa viungo vya chasisi. Tela linaloingia majini linafaidika na grisi ya kalsiamu salfoneti, ambayo haioshwi na maji kirahisi na huzuia kutu vizuri.

Grisi ya chasisi ya bei rahisi haifai, kwa kuwa ikipata joto la breki hulainika na kutiririka. Grisi ya shaba nayo ni ya kuzuia vitu visishikane, haikutengenezwa kulainisha rola.

Na rangi haisemi lolote. Nyekundu, buluu, kijani, zote ni rangi zilizotiwa kiwandani. Nimeshaona watu wakibishana nusu saa kwamba "ya buluu ndiyo ya magurudumu" huku kopo lenye maelezo yote liko miguuni pao.

Naweza kuongeza grisi mpya juu ya ya zamani ya aina nyingine?

Usifanye hivyo kama hujui ya zamani ni ipi. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kitu kama sifongo, na sifongo hizo ziko za aina nyingi: lithiamu, kalsiamu, poliyurea, udongo wa bentonaiti. Baadhi zikikutana huachia mafuta yake. Mchanganyiko unakuwa uji, unatoroka kwenye sili, na beringi inabaki kavu wakati wewe unajua umeijaza. Ukiwa na shaka, osha yote, anza upya, kisha andika jina la grisi na tarehe kwa kalamu ya rangi mahali kwenye fremu ya tela. Mwakani utajishukuru.

Tela langu lina nipeli ya grisi (kichuchu cha kupigia grisi) kwenye habu. Kwa nini nihangaike kufungua?

Zipo nipeli za aina mbili. Ya kwanza iko kwenye ncha ya stabu, chini ya kizibo cha mpira. Grisi hupita katikati ya stabu, inatokea nyuma ya beringi ya ndani, kisha inarudi mbele kupitia beringi zote mbili na kutokeza kwa nje. Huu ni mfumo mzuri. Ya pili ni ile kofia yenye springi ambayo hushindilia grisi kutoka mbele kwa shinikizo dogo. Imekusudiwa zaidi matela ya mashua, ili ndani ya habu pasibaki nafasi ya maji kuingia.

Zote mbili zina mtego mmoja. Bomba la grisi lina nguvu nyingi kuliko unavyodhani, na sili ina nguvu kidogo kuliko unavyodhani. Ukipiga kwa pupa, sili inasukumwa nje na grisi inamwagikia breki. Mimi nimeshafanya hivyo, na nilijua tu siku tela lilipoanza kuvuta upande mmoja kila nikikanyaga breki. Ukitumia ile nipeli ya kwenye stabu, inua gurudumu, lizungushe taratibu kwa mkono, na upige polepole huku likizunguka. Mpaka grisi mpya itokeze mbele, habu inaweza kumeza nyingi kuliko ulivyotarajia. Ikiwa umepiga sana na hakuna kinachotokeza, acha. Grisi imekwenda mahali fulani, na mahali hapo huenda ni kwenye breki.

Halafu nipeli haina macho. Haikwambii kwamba kikombe kimechubuka, kwamba sili imekauka, wala kwamba nati imelegea. Mwenye nipeli apige grisi katikati ya mwaka akipenda, lakini mara moja kwa mwaka habu ifunguliwe.

Nifunguaje habu kwa usalama?

Tela lifungwe kwenye gari, gari likiwa na breki ya mkono, na magurudumu ya upande wa pili yawekewe kabari mbele na nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Ukishainua, weka stendi chini ya fremu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuachia mzigo. Ekseli za mpira, zile zisizo na springi za majani, usiziinue kwa kuweka jeki katikati ya bomba la ekseli, kwani linaweza kupinda.

Toa gurudumu. Gonga kofia pembeni, hapa na pale, ukizunguka, mpaka ianze kutoka. Nyosha spliti pini uitoe, na uitupe kabisa, kwa kuwa pini iliyokunjwa mara mbili hukatika. Fungua nati, kisha vuta habu kidogo mbele: wosha na beringi ndogo vitaangukia kiganjani mwako. Usiziache zikaangukia mchangani. Habu ikitoka, igeuze, ng'oa sili kwa bisibisi na utoe beringi kubwa. Kama kuna breki za ngoma na habu inagoma, huenda ngoma imechimbika na viatu vya breki vinaishika ukingoni. Legeza kirekebishio cha breki kwanza badala ya kutumia nyundo.

Vya kulia vikae kulia na vya kushoto kushoto. Kila koni imezoeana na kikombe chake, na ukizichanganya unaanzisha uchakavu mpya.

Osha kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli usiikaribie, inashika moto upesi mno. Tumia brashi, badilisha mafuta yakichafuka, kisha kausha kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Na mwenye kompresa nimsihi: usizungushe beringi kavu kwa upepo. Inavuma kwa mlio wa kufurahisha, ndiyo, lakini inajichubua bila grisi, na rola zikichomoka kwenye kizimba, yaani fremu nyembamba inayozishika, zinaruka kama risasi.

Nitajuaje beringi bado ni nzima?

Anza na grisi ya zamani kabla hujaiosha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikimetameta ukiisugua kati ya vidole kwenye mwanga, chuma kinasagika. Ikiwa nyeusi, ngumu na inanuka kuungua, habu ilipata joto kali. Hudhurungi kidogo na bado laini si tatizo.

Baada ya kuosha, angalia rola moja moja, kisha kikombe. Chuma chenye afya hung'aa kijivu, sawasawa pande zote. Rangi ya majani makavu au ya buluu maana yake ni joto lililoharibu ugumu wa chuma, hata kama uso bado ni laini. Vishimo vidogo kama ngozi iliyotoka ndui ni uchovu wa chuma, na vitaongezeka. Mistari iliyopangana kwenye kikombe, ikiachana sawa na rola, husomwa kulingana na sura yake. Ikiwa ni miguso iliyobonyea, gurudumu liligonga shimo au ukingo vibaya. Ikiwa ni madoa meusi bila kubonyea sana, maji yalikaa hapo tela likiwa limesimama. Mikwaruzo mingi ya kuzunguka ni mchanga.

Pitisha ncha ya ukucha juu ya uso wa kikombe. Ukucha ukinasa, beringi imekwisha.

Angalia na stabu yenyewe. Sehemu inayoguswa na mdomo wa sili ikiwa na mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani.

Koni mpya, kikombe cha zamani, inakubalika?

Hapana. Vinunuliwe pamoja na vibadilishwe pamoja. Namba huchongwa kwenye pete zenyewe, kwa mfano L44649 kwenye koni na L44610 kwenye kikombe chake, kwa hiyo safisha usome badala ya kukisia kwa macho.

Kikombe cha zamani hutolewa kwa kugonga kutoka nyuma, ukibadilisha upande kila pigo ili kisikwame mshazari. Kipya kiingizwe kwa kipande cha shaba, au kwa kutumia kikombe cha zamani kama kisukumio. Kikifika mwisho, sauti ya nyundo hubadilika, inakuwa nzito na kavu. Usiamini sauti peke yake. Chungulia kwa tochi kama kimekaa pande zote bila mwanya.

Ninapakiaje grisi kwa mkono?

Vaa glavu, weka donge la grisi kama limau kwenye kiganja. Shika koni, upande mpana ukitazama chini, na uchote ukingo wa grisi kwa kuisukumiza koni kiganjani, tena na tena, mpaka grisi ichomoze upande mwembamba katikati ya rola. Geuza kidogo, rudia, mpaka umemaliza duara zima. Kisha paka na nje ya rola. Kinachotakiwa ni grisi kuingia ndani ya kizimba. Kuipaka juu juu ni kuipamba tu.

Paka vikombe safu nyembamba, na stabu pia, ili isishike kutu. Nafasi iliyo katikati ya beringi mbili haihitaji kujazwa kwenye tela la nchi kavu. Nusu inatosha, maana grisi iliyojaa kupita kiasi hukorogwa na kutoa joto, na ikipanuka hutafuta sili. Tela la mashua ni tofauti: hapo watu hujaza ili maji yakose nafasi, na nakubaliana nao.

Sili ibadilishwe kila mara?

Ndiyo. Ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kwenye habu, na ukiing'oa umeiharibu. Mdomo wenye springi utazame ndani, kwenye grisi. Paka grisi kidogo mdomoni, gonga kwa kipande cha mbao bapa mpaka ilingane na uso wa habu.

Nati ikazwe kiasi gani?

Hapa ndipo beringi nyingi nzuri, zenye grisi nzuri, huuawa. Mtu aliyezoea kukaza nati za gurudumu anaikaza na hii vivyo hivyo, kwa mguu, na kabla ya saa moja habu inawaka.

Rudisha habu, beringi ya nje, wosha na nati. Kaza nati mpaka karibu Nm (newtoni-mita) 68 huku mkono mwingine ukizungusha habu bila kusimama. Kazi ya kukaza huku ni kukalisha rola mahali pake na kufukuza grisi iliyozidi, basi. Kisha legeza nati kabisa, na sasa habu isizungushwe. Halafu irudishe kwa vidole tu, bila spana, mpaka iguse. Hapo ndipo kipimo chake. Tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati, legeza hadi mkato wa karibu. Usikaze kuutafuta. Weka spliti pini mpya na kunja miguu yake.

Beringi hizi zinataka nafasi ndogo ya kucheza, kati ya milimita 0.025 na 0.25. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama milimita 0.1, basi piga picha hiyo kichwani. Baada ya kurudisha gurudumu, lishike juu na chini, livute na kulisukuma. Kutikisika kunakohisiwa kwa shida ni sawa. Kukiwa na mlio wa kugonga, imelegea. Lisipocheza kabisa na likizungushwa linasimama upesi, umekaza mno, mradi breki hazishiki.

Nati za gurudumu zenyewe zinakazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa mpangilio wa kuvuka, na kukaguliwa tena baada ya kilomita 15, 40 na 80.

Tela la mashua lina ugomvi gani na maji?

Habu iliyotoka safarini ina joto, na hewa iliyo ndani yake imepanuka. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa inanywea na kuacha ombwe, na maji yanavutwa ndani kupitia sili. Ukifika ufukweni, funga kamba, pakua vitu, piga soga. Mpaka habu ziwe baridi mkononi, ndipo urudi nyuma kuingia majini. Maji ya chumvi yakishaingia, fungua habu upesi iwezekanavyo, kwa kuwa kutu huanza kula rola bila kungoja msimu uishe.

Nipime joto vipi njiani?

Simama baada ya kilomita kumi au kumi na tano, bila kufunga breki kwa nguvu ukikaribia kusimama. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu, kisha gusa. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono hapo, kuna tatizo. Linganisha kulia na kushoto: moja ikiwa moto kuliko mwenzake, chanzo ni beringi yake au breki inayoshika. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kinarahisisha, lakini mkono umefanya kazi hii miaka mingi.

Grisi imefika kwenye viatu vya breki. Nisafishe?

Ngoma unaweza kuisafisha. Viatu vilivyolowa, badilisha. Grisi imeshanywewa ndani, na joto la kwanza litaitoa tena juu.

Kuchomelea fremu ya tela kunahusiana na beringi?

Kunahusiana sana. Waya wa ardhi ukibanwa upande mmoja na moto ukapigwa upande mwingine, umeme unaweza kupita kwenye rola na kuchoma alama ndogo ndogo kwenye chuma chake. Bana waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea, na usiubane kwenye habu wala kwenye gurudumu.

Nimetoa kofia, sioni spliti pini, kuna nati moja kubwa. Nifanye nini?

Huenda ni beringi iliyofungwa kiwandani, isiyopakiwa grisi. Hiyo haisafishwi wala haifunguliwi kwa matengenezo ya mwaka. Unasikiliza, unatikisa, ikichakaa unabadilisha nzima. Nati yake hukazwa kwa nguvu kubwa sana, tofauti kabisa na ile ya vidole, na mara nyingi haitumiwi mara ya pili. Fuata kitabu cha ekseli hiyo. Ukiona kioo kidogo chenye mafuta mepesi ndani, hiyo ni habu ya mafuta, ambayo huonekana zaidi kwenye matela mazito. Unakagua kiwango cha mafuta na uvujaji.

Beringi imekufa njiani. Naweza kujikokota mpaka mji ujao?

Usijaribu. Rola zikisagika, koni inaweza kujishikiza kwenye stabu kama imechomelewa, na baadaye gurudumu huondoka na habu yake likatangulia barabarani. Simama mbali na njia. Tela tupu si salama zaidi, linachelewesha tu.

Anayesafiri mbali abebe habu nzima ya akiba, yenye vikombe, beringi zilizokwisha pakiwa grisi na sili, imefungwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki. Aongeze wosha, nati, spliti pini kadhaa, kofia na vitambaa. Kwa habu kama hiyo, kazi ya nusu siku inakuwa ya nusu saa, ikiwa stabu haijaharibika. Koni ikiwa imeganda juu ya stabu, usiipashe moto mpaka ikawa nyekundu, maana unalegeza chuma kinachobeba mzigo. Ikatwe kwa grainda taratibu, ukiacha unene kidogo, kisha ipasuliwe kwa tindo. Stabu iliyochimbwa na grainda au kugeuka buluu haisafishwi kwa msasa na kurudishwa kazini. Inabadilishwa.